Mwenye Mdundo na Wageni Wake

Iko albamu ya hip hop ambayo takriban kila wimbo wake unaghaniwa na mtu mwingine, ilhali jina lililoandikwa juu ya jalada ni la mtayarishaji, mtu ambaye sifa yake haikutokana na kughani. Basi albamu hiyo ni ya nani? Wako wasemao kuwa ni ya wageni, madhali wao ndio wenye maneno, na kwamba mtayarishaji hakufanya zaidi ya kuwafungulia mlango wa studio na kuwasha mashine. Mimi nadai kinyume cha hayo, na shahidi wangu ni albamu iliyotoka New York mwaka 1988, iitwayo In Control, Volume 1, ya Marlon Williams, ambaye ulimwengu wa hip hop unamjua kwa jina la Marley Marl.

Bwana huyu ni mtoto wa Queensbridge, mtaa wa nyumba za umma ulioko Queens, ambao kwa ukubwa hauna mfano wake katika Amerika ya Kaskazini nzima. Nasi watu wa redio tuna haki ya kumwita mwenzetu, kwani alikuwa DJ wa mtangazaji Mr. Magic katika kipindi cha Rap Attack cha kituo cha WBLS, kipindi kilichoupeleka muziki huu hewani katika zama ambazo vituo vingi vikubwa vilikuwa vikiupuuza. Na kundi lake, Juice Crew, lilipata jina kutokana na lakabu ya huyo Mr. Magic. Mwaka 1984, nyumbani kwake Queensbridge, Marley alimrekodi binti wa miaka 14 aitwaye Roxanne Shanté, na wimbo waliourekodi, Roxanne's Revenge, ukazusha mlolongo mrefu wa nyimbo za kujibizana ambao haukuwa umepata kuonekana katika fani hii.

Lakini lililomthibitisha kuwa fundi ni jambo lililomjia kwa nasibu. Alipokuwa akinasa sauti ya mtu kutoka katika santuri kwa mashine ya kuchukulia sampuli, pigo la ngoma likanaswa pamoja nayo. Akalibonyeza, likalia, naye papo hapo akang'amua kwamba ngoma iliyopigwa kwa mikono ya binadamu katika santuri ya zamani yaweza kuchopolewa pigo baada ya pigo, kisha ikapangwa upya kwa namna ambayo mpigaji wake hakuiwaza kamwe. Hapo kabla, midundo mingi ya hip hop ilitegemea mashine za ngoma zenye mlio mkavu; baada ya hapo, kila rafu ya santuri kuukuu ikawa hazina. Ushahidi ni wimbo wa The Bridge alioghani MC Shan mwaka 1986, ambao ngoma zake zilitoka katika Impeach the President, santuri ya Honey Drippers ya mwaka 1973.

Basi mtu wa ustadi huo alipoweka jina lake mwenyewe juu ya jalada, akawaalika Biz Markie na Heavy D, Craig G na Tragedy, Masta Ace, MC Shan na Roxanne Shanté, hakuwa akitafuta kivuli cha majina yao, bali alikuwa akidai haki ambayo desturi ya siku zile ilimnyima: kwamba anayeujenga mdundo ni mtunzi, wala si kibarua wa mtunzi.

Dalili iliyo wazi zaidi ni wimbo wa The Symphony. Waghani wanne wanapokezana juu ya mdundo mmoja, Masta Ace, kisha Craig G, kisha Kool G Rap, na mwisho Big Daddy Kane, na chini yao kinanda kilichotolewa katika wimbo wa Otis Redding kinarudi na kurudi, kifupi, kikaidi, kisichombembeleza mtu. Sikilizeni jinsi mdundo ule ulivyoachwa wazi: hakuna kiitikio cha kuimbwa cha kumfunika aliyechoka, hakuna vinanda vya ziada vya kumpamba aliyepungukiwa, na kwa kuwa uwanja ni ule ule kwa wote, asiyeweza hana la kusingizia. Wazee wa Lamu na Pate waliocheza gungu, malenga mmoja akafumba na mwenziwe akafumbua mbele ya hadhira isiyosamehe, wangelitambua mara moja jambo lililokuwa likitendeka pale. Tena tazameni mpangilio: anayefungua ni Masta Ace, ambaye albamu yake ya kwanza haikutoka hadi mwaka 1990, na anayefunga ni Kane, ambaye ya kwake ilikwisha kutoka. Iwe mpangilio huo ulitokana na shauri au na bahati, aliyeusikia, akauridhia na kuukabidhi kwa wasikilizaji ni Marley, na kuridhia kwa sikio lililofunzwa ni sehemu ya utunzi.

Mtu ataniuliza: je, siri si kuwakusanya hodari tu? Hasha. Mwaka 1991 Marley Marl alitoa juzuu ya pili, wale wanne wakarejea katika The Symphony ya pili, wakaongezwa na wa tano. Na hata hivyo ni ule wa kwanza unaotajwa hadi leo. Majina hayakupungua, bali yalizidi. Lisilorudi ni ile nafasi wazi iliyomlazimisha kila mmoja kumshinda aliyemtangulia. Wengine walifuata njia hiyo, mathalani Pete Rock kwa Soul Survivor ya mwaka 1998 na J Dilla kwa Welcome 2 Detroit ya mwaka 2001, na kazi hizo ukizisikiliza humtambua mwenyewe hata kabla mgeni hajafungua kinywa. Siku hizi, ambapo sauti hutumwa kwa intaneti na wageni wa wimbo mmoja huenda wasionane kabisa, kipimo kimebaki kile kile: mwondoe mgeni mmoja, umtie mwingine mwenye jina kama lake, na ikiwa hakuna kilichoharibika, ujue mwenye albamu alikusanya lakini hakutunga.

Huku kwetu kipimo hiki hakina ugeni. Dar es Salaam inawajua P-Funk Majani wa Bongo Records na Master J wa MJ Records kama inavyowajua marapa waliopita mikononi mwao, na Nairobi iliwahi kuona Ogopa Deejays wakiwakusanya wasanii chini ya jina lao. Ila heshima hiyo aghalabu huishia mitaani, ilhali hewani mtangazaji humtaja rapa, huitaja kolabo, akapita. Nami naona hiyo si insafu, maana redio ndiyo iliyomlea Marley Marl, na redio ndiyo inayoweza kulitengeneza jambo hili bila gharama yoyote: kila tuupigapo wimbo, na tumtaje aliyeutayarisha kabla ya kuwataja wageni wake, ili msikilizaji ajue ni nani wa kumsifu ukimpendeza, na ni nani wa kumlaumu ukimchosha.