Hema na Bega la Mpagazi



Mhadhara huu umezaliwa na ubishi. Katika semina moja, mhandisi ninayemheshimu sana alisema kwamba historia ya malazi ya kijeshi ya kubebeka, yale yanayokunjwa hapa na kukunjuliwa kule, inaanza mwaka 1916 na kibanda cha Peter Nissen. Kisha akaongeza kwamba Afrika Mashariki haina chake katika habari hiyo: mahema yaliletwa na wageni, wenyeji walilala nje. Siku ile muda ulikuwa umekwisha, nikanyamaza. Leo muda ni wangu.

Nissen simnyimi haki yake. Alikuwa ofisa mhandisi wa jeshi la Uingereza, na kibanda chake cha bati lililopindwa nusu duara kilienea katika gari moja la jeshi, kikasimamishwa na watu sita kwa saa nne. Ni kazi ya akili. Ila kipimo hicho kinadhani kwamba gari lipo na njia ya gari ipo. Tarehe 19 Septemba mwaka huohuo wa 1916, majeshi ya Kongo ya Wabelgiji chini ya Jenerali Charles Tombeur yaliingia mji huu wa Tabora, na nyuma yao mizigo ilikuja vichwani na mabegani mwa watu. Kwa njia ile, gari moja na saa nne si kipimo cha kitu chochote.

Historia ya barabara ya misafara yenyewe, Bagamoyo hadi hapa na hapa hadi Ujiji, sitairudia; mnaijua. Nashika jambo moja tu, uzito. Mpagazi alichukua mzigo wa frasila mbili, yaani ratili 70 hivi, na juu yake vitu vyake mwenyewe: chungu, mkeka, posho, silaha. Turubai likilowa huongezeka uzito. Alfajiri msafara hausubiri likauke.

Sasa nimlete shahidi wangu, na mniwie radhi nikikaa naye kidogo, maana kitabu chake nimekichakaza. Richard Burton, ofisa wa jeshi la Bombay, alitoka Kaole mwaka 1857 na kufika Kazeh, ndiyo Tabora hii, baada ya siku 134. Alikuja na hema dogo la aina ya askari wa Kihindi. Kwa hiyo malazi ya kijeshi yaliyokwisha kujaribiwa India yalipita nyika ya Mgunda Mkali miaka karibu 60 kabla ya Nissen. Burton alidharau karibu kila mtu aliyekutana naye, Mwarabu, Mswahili, Mgogo, hata mwenzake Speke. Anayemsoma hujifunza kuchukua alichokiona na kuacha alichokidhani. Ajabu ni kwamba akifika kwenye kambi za Wanyamwezi, ulimi unalainika. Anaeleza boma la miiba, vibanda vya duara, fito zilizochomekwa ardhini, zikainamishwa na kufungwa kwa ganda la mti, juu nyasi. Anakiri wepesi wa mikono ile. Watu wamechoka na jua la mchana, bado wanajenga kijiji kabla chakula hakijaiva.

Tazameni mpangilio wa kambi hizo. Wapagazi waligawanyika katika makundi ya watu wanaopika pamoja, kila kundi na kibanda chake. Msafara wa watu 50 una kambi ndogo, wa watu 500 una kambi kubwa, bila mtu kuagiza kipande cha ziada kutoka ghala lolote. Leo wahandisi wanatafuta malazi yanayopanuka kufuata idadi ya askari, wanayaita teknolojia mpya. Stephen Rockel, katika kitabu chake cha 2006 kuhusu wapagazi hawa, ameonyesha kwamba walikuwa wafanyakazi wenye ujuzi na desturi za kazi. Ningependa mhandisi wetu akisome.

Atanijibu kwa Stanley, najua, na jibu hilo ni zito. Katika kitabu cha 1890 kuhusu safari yake Stanley anasifu mahema aliyotengenezewa na Edgington wa Duke Street, London, kwa turubai lililochovywa katika mrututu. Anasema yalistahimili siku 300 za mvua, na yalipofika Unguja mwaka 1889 yalikuwa bado na nguvu ya kuvumilia siku 200 nyingine. Mrututu huua kuvu inayoozesha nyuzi, na sina ugomvi nao. Jaribio la miaka karibu mitatu, lililopita katika msitu wa Ituri, hakuna maabara iliyolifanya.

Lakini someni safu ambayo Stanley hakuiweka karibu na sifa hizo. Watu zaidi ya 600 waliandikwa Unguja mwaka 1887 kwa safari ile. Waliorudi hawakufika nusu. Hema lilirudi likiwa na akiba ya siku 200, na wengi wa waliolibeba, wakalisimamisha na kulikunja likiwa majimaji hawakurudi. Sisemi hema liliwaua. Njaa, ndui, mishale na amri mbaya vilifanya kazi hiyo. Nasema kwamba jaribio linalohesabu siku za turubai na kusahau wanaolala nje yake halijapima malazi. Limepima kitambaa.

Mimi mwenyewe nililala katika hema ujanani, katika kambi moja ambayo sitaitaja. Usiku wa mvua kijana wa pembeni alinyoosha mguu ukagusa turubai, na hapo alipogusa maji yakaanza kupita, tone baada ya tone, hadi asubuhi. Tulilaumu hema, tukamlaumu na yeye. Miaka ile ile nilifuatana na mjomba wangu, mrina asali wa Sikonge, aliyekuwa akiingia porini kwa wiki kadhaa. Alibeba panga, sufuria na unga. Alipofika penye kijito alikata fito, akabandua ganda la muyombo na kulichana likawa kamba, akafunga, akaezeka kwa nyasi akianzia chini ili kila safu ifunike ya chini yake. Mvua ilipita juu yetu. Alinikataza nisichomoe nyasi hata moja.

Naelewa pingamizi. Katika nyika kavu ya Mgunda Mkali nyasi na maji vyote vilikuwa haba, na kambi ya nyasi ilishika moto kwa cheche moja. Jeshi la maelfu ya watu likikata fito kila jioni litaacha jangwa nyuma yake, na msitu wa miombo wa leo hauvumilii hilo. Hospitali ya uwanja wa vita haiwezi kuezekwa kwa nyasi. Yote ni kweli, na bado nashikilia kwamba malazi bora ya askari ni yale ambayo nusu yake hukutwa njiani, kwa sababu nusu hiyo haina uzito begani.

Maabara za malazi zipo: kituo cha jeshi la Marekani huko Natick, Massachusetts, kina vyumba vinavyotengeneza mvua, upepo, baridi kali na joto la jangwa, na huko malazi ya kukunjua yamejaribiwa kwa miaka mingi. Lakini uzito ulipimwa hapa kabla ya vyumba hivyo. Merikani nyingi, yaani kitambaa cha pamba, iliyofika Unguja katika karne ya 19 ilitoka jimbo hilohilo, ikiletwa na wafanyabiashara wa Salem, na matajiri wa hapa Unyanyembe walishona mahema kwa kitambaa hicho kwa sababu kilikuwa chepesi. Walichagua kuloa kidogo kuliko kuwachosha wabebaji. Uamuzi huo ulikuwa wa kihandisi, ingawa hakuna aliyeuandika hivyo.

Kwa hiyo ombi langu kwa wahandisi wetu na kwa wanunuzi wa jeshi letu ni dogo. Hema lolote linalotaka kununuliwa lipitishwe masika moja hapa Tabora. Lipimwe uzito likiwa kavu, lipimwe tena likiwa limelowa, na wanaotia saini taarifa ya jaribio wawe askari waliolibeba.