Nyoka Hana Likizo



Kijana mmoja mtaani kwetu, hapa Mwanza, aliniambia Julai nyoka wote wamelala, hivyo anaweza kufyeka kichaka peku. Nilipomwuliza nani kamwambia, akajibu: kitabu.

Kitabu hakikusema uongo. Kilisema habari za kwingine. Huko Narcisse, jimbo la Manitoba nchini Kanada, maelfu kwa maelfu ya nyoka hujazana katika nyufa za mawe ya chokaa, chini kuliko barafu inapofika, wakakaa humo miezi mingi. Nyoka hutegemea jua na ardhi kupata joto. Theluji ikimkuta nje, amekwisha.

Lakini Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Baridi ya namna hiyo hatunayo. Kinachobadilika kwetu ni maji. Kuanzia Juni hadi Septemba nyasi hukauka, vyura hujifukia, na nyoka wengi hupunguza matembezi. Hujisetiri kwenye vichuguu, mashimo ya panya na chini ya haya mawe yetu makubwa. Kujisetiri si kulala, ndugu zangu. Ukimkanyaga moma, atakuuma Julai kama atakavyokuuma Desemba. Na kwenye matete ya ziwani, ambako maji hayakauki, chatu hana sababu ya kuhama.

Mvua za kwanza zikinyesha, vyura hutoka, nyoka huwafuata, nasi ndiyo kwanza tunashika majembe. Hapo ndipo tunapokutana.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza kuumwa na nyoka katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Waliosahauliwa hasa ni wakulima na watoto wasio na viatu.

Basi tukumbushane. Vaa viatu shambani. Usiku tembea na tochi. Usitie mkono shimoni. Aliyeumwa atulizwe, avuliwe pete na bangili, kiungo kisitikiswe, apelekwe hospitali upesi. Asichanjwe, asinyonywe jeraha, wala asifungwe kamba ya kuzuia damu. Kamba hiyo yaweza kumpotezea mguu ambao sumu ingeuacha. Na msipoteze muda kumwinda nyoka.

Wahenga walisema mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Mimi nasema tusingoje kutafunwa.

Yule kijana nilimwazima buti zangu za mpira. Mpaka leo hajazirudisha, nami sizidai.

Kwaherini.