Kukabidhiana Lindo

Ipo sheria moja ambayo hata kuruta wa juma la kwanza huijua: lindo haliachwi mpaka mwenzako afike, akupokee, na aelewe analinda nini. Askari aliyeondoka kabla ya kupokelewa hana cha kujitetea, hata kama saa zake za zamu zilikwisha. Kambini lindo ni ghala la silaha, au lango, au daraja. Katika kazi ya kulinda amani lindo ni watu: mama na watoto wake, mzee asiyeweza kukimbia, mkulima aliyeacha mihogo shambani. Jambo la kushangaza ni kwamba sheria inayofuatwa kwa ukali mkubwa kwa ajili ya ghala imesahauliwa mara nyingi ilipofika zamu ya watu hao. Mkoa wa West Nile, kaskazini-magharibi ya Uganda, una ushahidi wake.

Mtu anayetoka Mvara, penye Kanisa Kuu la Emmanuel na shule ya sekondari iliyolea vijana wengi wa mkoa huo, akapita mjini Arua na kushika barabara ya kwenda Koboko, hachukui muda mrefu kufika Ombaci. Mvara ni ya Waanglikana, Ombaci ni ya Wakatoliki. Lakini kwa mwananchi wa kawaida misheni zote zimekuwa na kazi moja zaidi ya ibada. Bunduki zinapolia, watu hukimbilia huko. Kuta ni za matofali, wapo wageni wanaoweza kushuhudia, na inaaminika kwamba mwenye silaha ataona haya mbele ya nyumba ya Mungu. Imani hiyo ilipata pigo Ombaci tarehe 24 Juni 1981, siku ya sikukuu ya Yohana Mbatizaji.

Ili kuelewa siku hiyo, lazima kurudi nyuma miaka miwili. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, na mwanzoni mwa Juni mwaka huo majeshi ya Tanzania yaliingia Arua na kufika mpaka wa Sudan. West Nile ilihesabiwa kuwa nyumbani kwa Idi Amin, na Koboko hasa ilitajwa kuwa asili ya ukoo wake. Kwa hiyo wananchi walitazamia kisasi, na maelfu yao walivuka mpaka kuingia Sudan na Zaire kabla hata ya kumwona askari mmoja wa Tanzania. Kisasi walichokiogopa hakikuja. Habari zilizokusanywa baadaye kutoka kwa wakimbizi wenyewe, watu wasiokuwa na sababu ya kuisifu serikali yoyote, zinakubaliana kwamba askari wa Tanzania waliokuwa West Nile walijiheshimu, waliwahimiza watu kurudi makwao, na wengi walirudi wakalima.

Yafaa kusema bila kuficha kwamba sifa hiyo haikuwa ya Uganda nzima. Zipo sehemu nyingine ambako baadhi ya askari hao walilaumiwa kwa uporaji. Tena hawakuwa walinda amani kwa maana ya mikataba. Hawakuvaa kofia za buluu, na hakuna azimio la Baraza la Usalama wala la Umoja wa Nchi Huru za Afrika lililowatuma kuwalinda Walugbara au Wakakwa. Hata hivyo kazi waliyoifanya ndiyo hasa inayofundishwa leo katika vyuo vya kulinda amani: kusimama kati ya mshindi na mtu asiye na silaha anayedhaniwa kuwa wa upande wa aliyeshindwa.

Umuhimu wa kazi hiyo ulionekana Oktoba 1980. Askari wa jeshi la zamani walivuka kutoka ng'ambo wakashambulia Koboko na Arua. Jeshi jipya la Uganda, UNLA, liliirudisha miji hiyo mikononi mwake, na hasira ikawaangukia waliobaki majumbani. Nyumba zilichomwa, mali zikachukuliwa, watu wakauawa, na makumi ya maelfu wakakimbia kwa mara ya pili. Wakati huo askari wa Tanzania bado walikuwapo, na wakimbizi wengi walieleza kwamba ndio waliojaribu kuwazuia wenzao.

Lakini hakuna nchi maskini inayoweza kuweka jeshi lake nchi ya jirani milele. Vita vilikuwa vimeichosha hazina ya Tanzania. Mafuta yalikuwa adimu, bidhaa madukani zilikuwa adimu zaidi. Katikati ya mwaka 1981 vikosi vyake viliondoka. Hapana anayeweza kuilaumu Dar es Salaam kwa kutaka vijana wake warudi. Swali ni jingine: lindo lilikabidhiwa kwa nani, na kwa maagizo gani? Jeshi lililobaki ndilo lile lile ambalo raia walikuwa wakilikimbia. Halikuwa na mafunzo ya kutosha, lilikuwa limezungukwa na waasi, na lilimwona kila mzaliwa wa mkoa huo kuwa adui.

Hivyo katika juma hilo la mwisho la Juni maelfu ya watu walikuwa wamejaa katika misheni na chuo cha Ombaci, na Shirika la Msalaba Mwekundu lilikuwa likiwashughulikia. Baada ya mapigano na waasi karibu na hapo, askari wa UNLA waliingia katika eneo la misheni wakafyatua risasi katika umati. Hesabu ya waliouawa inayotajwa mara nyingi ni 97. Wengine wengi walijeruhiwa.

Kisingizio cha mauaji ya namna hii hujulikana hata kabla hakijasemwa: kwamba ndani ya umati walijificha waasi. Hoja hiyo yafaa ipimwe na askari na polisi wenyewe, kwa kuwa ni ya kazi yao kabla ya kuwa ya mwanasheria. Sheria haina utata. Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, katika kifungu cha tatu kilicho sawa katika mikataba yote minne, inakataza kumuua mtu asiyeshiriki mapigano, na hata mpiganaji aliyeweka silaha chini, na inahusu pia vita vya ndani ya nchi. Lakini ipo njia ya utendaji, na hiyo ni ya polisi zaidi kuliko ya jeshi. Mahali pa kumtenganisha mwenye silaha na asiye nayo ni langoni, siku ya kwanza, mchana, kwa upekuzi na daftari la majina. Wazee wa ukoo na viongozi wa dini wawepo, maana wao humjua mtoto wa nani ni nani. Wanawake wapekuliwe na askari wa kike. Anayekataa kuacha bunduki asiingie. Kazi hiyo ikifanyika kwa uaminifu, kambi ya raia inabaki ya raia, na anayekuja na kisingizio cha waasi hana pa kukitundika. Isipofanyika, mpiganaji mmoja anayelala humo usiku anaweza kuwa hukumu ya mamia.

Miaka 22 baadaye jambo hilo lilijirudia ng'ambo ya mpaka, upande wa kusini, mjini Bunia katika Ituri. Safari hii waliokuwa wakiondoka ni askari wa Uganda. Mapema Mei 2003 vikosi vya UPDF viliondoka Bunia kwa mujibu wa makubaliano ya amani, na Umoja wa Mataifa ulikuwa na kikosi cha Uruguay cha askari wapatao 700, waliopelekwa hasa kulinda maofisa na majengo. Tangu Februari 2000 azimio nambari 1291 lilikuwa limeruhusu kuwalinda raia waliokabiliwa na hatari ya mara moja, lakini ruhusa iliyoandikwa New York si kikosi kilichoandaliwa Bunia. Wanamgambo wa Kihema na wa Kilendu waligombania mji. Mamia waliuawa. Maelfu walijazana kuzunguka makao ya Umoja wa Mataifa na uwanja wa ndege, na waliofika kwenye uzio huo waliokoka kwa sehemu kubwa, kwa sababu askari wale wachache hawakukimbia.

Tarehe 30 Mei Baraza la Usalama lilipitisha azimio nambari 1484, na kikosi cha Ulaya kilichoongozwa na Ufaransa kiliingia Bunia mwezi uliofuata kikitumia Entebbe kama kituo chake cha usafirishaji. Mji ulitulia, ingawa vijijini mauaji yaliendelea, maana kikosi hicho hakikupewa zaidi ya Bunia na viunga vyake. Kilipomaliza muda wake Septemba, Umoja wa Mataifa ulikuwa umekwisha kuongeza askari na madaraka, na brigedi mpya ilikuwapo kupokea. Kwa mara moja, zamu ilipokelewa kama inavyotakiwa.

Koboko nayo imeona matokeo ya upande mwingine wa mpaka. Vita vilipozuka Juba Desemba 2013, Umoja wa Mataifa ulifungua malango ya kambi zake Sudan Kusini, na makumi ya maelfu waliingia. Ulikuwa uamuzi wa kishujaa. Lakini lango lililofunguliwa linahitaji mlinzi. Usiku wa tarehe 17 kuamkia 18 Februari 2016 kambi ya raia ya Malakal ilishambuliwa, mahema yakateketezwa na watu wasiopungua 25 wakauawa. Uchunguzi wa Umoja wa Mataifa ulikuta kwamba baadhi ya askari waliacha malindo yao, na kwamba wapo waliochelewa kuchukua hatua wakitaka kwanza ruhusa ya maandishi ya kutumia silaha. Julai mwaka huo huo vita vilirudi Juba, na barabara ya Yei hadi Koboko ikajaa watu. Wengi wao waliishia Bidibidi, Rhino Camp na Imvepi, katika mkoa ule ule ambao watu wake walikimbilia Sudan mwaka 1980.

Ruhusa ya maandishi! Askari yeyote anayesikia hayo atajiuliza ni kamanda gani aliyempeleka mtu lindoni bila kumwambia afanye nini adui akifika. Ndiyo maana Kanuni za Kigali za mwaka 2015, ambazo Uganda ni miongoni mwa nchi zilizozikubali, zinataka kamanda wa kikosi awe amekwisha kupewa na nchi yake mamlaka ya kutumia nguvu kuwalinda raia kabla ya kupanda ndege. Gharama yake haifichwi. Tarehe 7 Desemba 2017, katika kambi ya Semuliki huko Beni, Watanzania wasiopungua 14 waliuawa katika shambulio lililodumu saa nyingi.

Tarehe 28 Februari 2024 ikaja zamu ya Kivu ya Kusini. Umoja wa Mataifa uliikabidhi kambi ya Kamanyola kwa Polisi ya Taifa ya Kongo, na kufikia mwisho wa Juni shughuli zake katika jimbo hilo zilifungwa. Bendera moja ilishushwa na nyingine ikapandishwa, hati zikatiwa sahihi, majengo yakahesabiwa. Kwa ofisa wa polisi aliyepokea funguo, swali lilikuwa doria ngapi zitatoka kila usiku kuelekea vijiji vya bonde la Ruzizi, kwa magari gani, na mafuta yatoke wapi. Februari 2025 Bukavu, makao makuu ya jimbo, iliingia mikononi mwa waasi wa M23.