Kukoroma Kunakokata Pumzi

Leo tutazungumza juu ya kukoroma.

Najua wengine mmeanza kucheka. Kwetu mtu akikoroma tunasema amechoka, amelala fofofo. Ni kweli, si kila anayekoroma ni mgonjwa. (Mtoto anayekoroma kila usiku ana habari yake ya mafindofindo, tutaileta siku nyingine.) Lakini kuna mtu mzima anayekoroma kwa nguvu, halafu ghafla kimya. Kifua kinahangaika lakini hewa haipiti. Baada ya sekunde 10, 20 au zaidi, anashtuka kama aliyekabwa koo, anavuta pumzi kwa kishindo, kisha anaendelea kukoroma. Ugonjwa huu huitwa apnia ya usingizi. Misuli ya koo hulegea na njia ya hewa huziba. Ukiwa mkali, hutokea mara 30 au zaidi kwa saa moja, na asubuhi mwenyewe hakumbuki lolote. Shahidi ni wewe uliyekuwa macho.

Utauliza, koo na ubongo vinahusianaje? Kwa kawaida presha hushuka usiku, mishipa ikapumzika. Kwa mgonjwa huyu, kila pumzi inapokatika, oksijeni hupungua katika damu, mwili hushtuka na presha hupanda. Ni hivyo usiku kucha, mwaka baada ya mwaka. Sasa, sehemu za ndani za ubongo hulishwa na mishipa midogo sana, mingine myembamba kama unywele. Kuta zake huwa nene na ngumu, damu ikapita kwa shida. Vijisehemu vya ubongo hufa kimya kimya, bila mtu kuanguka wala mdomo kupinda. Ubongo ukipigwa picha, huonekana madoa, na watafiti wameyaona zaidi kwa watu wenye apnia, hasa iliyo kali.

Nyumbani huwezi kuona madoa. Utamwona nyanya aliyekuwa mchangamfu sasa anachelewa kujibu. Anatembea hatua fupi fupi akiburuta miguu, anaanguka, mkojo unamtoka kabla hajafika chooni. Jirani atasema ni uzee, mwingine atasema amerogwa. Mimi nasema mpeleke apimwe presha, kwa maana ndiyo adui mkubwa wa mishipa hii, na dawa zake zipo.

Kabla ya kwenda, msikilize usiku mbili au tatu. Kama una simu, rekodi sauti yake. Angalia pia kama anaamka na maumivu ya kichwa, au anasinzia mchana hata watu wakizungumza naye. Mweleze daktari au muuguzi hayo yote hata asipokuuliza. Foleni ikiwa ndefu, huenda asiulize. Na ikiwa presha inabaki 140/90 au zaidi ingawa anameza dawa kila siku, taja kukoroma kwanza.

Katika hospitali kubwa usingizi hupimwa, na mgonjwa anaweza kupewa mashine ya kusukuma hewa kupitia kinyago. Mashine hii ni ghali, sitakudanganya. Lakini kulala ubavu hakugharimu kitu: mwekee mto mgongoni asigeuke chali. Pombe ya jioni aiache, kwa sababu hulegeza koo zaidi. Dawa za usingizi asinunuliwe dukani bila daktari. Aliye mnene akipunguza uzito, pumzi nayo hupata nafuu. Na dawa za presha asiziache eti kwa sababu siku hizi analala vizuri.

Mdomo ukipinda ghafla, mkono ukilegea au maneno yakimgomea, hicho ni kiharusi. Usingoje kupambazuke. Mkimbize hospitali saa hiyo hiyo, na njiani usimpe chakula, maji wala dawa ya kumeza, kwa kuwa anaweza kupaliwa.