KOMPYUTA YA LORI IKIFA, NI NANI ATAKAYELIPA?

Maneno yaliyosemwa mbele ya memba wa tawi, makanika na madereva



Tumepewa nafasi tuseme habari ya malori ya zamani yenye kompyuta ya injini. Huenda wengine wakauliza, "Watu wa reli na malori, wapi na wapi?" Jibu ni fupi. Gengi la njia hupelekwa kazini kwa lori, vyuma na mataruma hubebwa kwa lori, na lori likikwama, kazi ya reli hukwama pia. Tena wanaoliendesha ni memba wetu, na wanaolitengeneza ni memba wetu.

Lakini jambo hasa lililotuleta hapa ni mshahara. Twajua karakana moja, jina lake tunaliweka kando, ambako lori la zaidi ya miaka 20 lilikataa kuwaka. Makanika aliamriwa abadilishe kompyuta, akabadilisha. Ile mpya ikaungua siku ile ile. Mkubwa wake akasema, "Umeiharibu wewe, utalipa wewe," na mwisho wa mwezi mshahara ukakatwa. Baadaye ikaonekana kwamba nozeli moja ilikuwa na koili iliyogusana ndani, nayo ndiyo iliyoua kompyuta zote mbili. Mwenzetu aliomba muda wa kupima, akanyimwa, kisha akatozwa gharama. Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Basi tulijue jambo hili vizuri, ili tujitetee kwa maarifa na si kwa kelele tu.

Zamani pampu ya dizeli ilipima mafuta kwa chuma na springi, na fundi aliisikiliza kwa sikio. Mwaka 1987 injini ya Detroit Diesel iitwayo Series 60 ililetwa sokoni Marekani, na hiyo ni katika injini za kwanza za malori makubwa kuja na kompyuta tangu kiwandani. Baada yake wengine wengi wakafuata. Katika injini za namna hii kompyuta hupokea habari kutoka kwa sensa za joto, za mgandamizo na za mwendo wa injini, kisha huamua nozeli ifunguke lini na kwa muda gani. Ikinyamaza, injini nayo hunyamaza, hata kama pistoni na pampu ni nzima kabisa.

Ndiyo sababu kila tatizo husingiziwa kompyuta. Lakini mara nyingi kompyuta ni nzima, na ugonjwa uko kwenye waya. Kabla ya kutamka kwamba imekufa, yapasa tupime haya:

Kwanza, betri. Betri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika husoma kama 12.6, kwa lori la volti 24, zile betri mbili pamoja husoma kama 25.2. Wakati wa kupiga stata volti zikianguka sana, kompyuta huzimika yenyewe, nawe utadhani imekufa.

Pili, fyuzi, relei na waya wa eathi. Usiridhike kuutazama waya. Weka mita kati ya eathi ya kompyuta na kichwa hasi cha betri wakati mzigo wa umeme unafanya kazi. Ikionyesha zaidi ya volti 0.2 au karibu na hapo, eathi ni mbovu. Kwangua kutu, kaza bolti, upime tena.

Tatu, volti 5. Kompyuta hupeleka volti 5 kwa sensa nyingi kwa pamoja. Sensa moja ikigusana ndani, au waya mmoja ukichubuka juu ya chesisi, volti hizo hushuka na makosa mengi hutokea kwa mara moja. Chomoa sensa moja moja huku ukitazama mita. Volti 5 zikirudi ghafula, umempata mwizi, na kompyuta haina hatia.

Nne, plagi za kompyuta. Fungua utazame kama kuna maji, kutu ya kijani au pini iliyopinda.

Tano, nozeli na vifaa vyote vinavyoendeshwa na kompyuta. Pima koili ya kila moja, ulinganishe na zenzake na kitabu cha injini ile. Hapa ndipo mwenzetu wa kisa kile angaliokoka, kama angalipewa nusu saa.

Yote hayo yakiwa sawa, umeme unafika, eathi ni nzuri, na mashine ya kusoma makosa bado haipati jibu, hapo twaweza kusema kompyuta ni mgonjwa. Zile za zamani huwa na kapasita ambazo baada ya miaka mingi huvuja maji yanayokula bodi. Ukiwahi, fundi wa elektroniki huweza kuzibadilisha kwa bei ndogo. Ukichelewa, njia za shaba huliwa, na matengenezo huwa magumu.

Ikibidi kununua nyingine, mpya au iliyotumika, msidanganywe na umbo. Maboksi mawili huweza kufanana kama mapacha, na ndani yakawa mbalimbali. Nambari ya kifaa iliyo kwenye kibandiko ilingane, na programu iwe ya injini ile na giaboksi ile. Kama lori lina ufunguo wenye siri, kompyuta iliyotolewa katika lori jingine itaukataa ufunguo wenu mpaka ifundishwe kwa mashine. Na katika injini nyingi za komoni reli, kila nozeli ina nambari yake iliyochorwa juu, ambayo lazima iandikwe ndani ya kompyuta mpya. Bila hivyo injini hutetemeka au hutoa moshi, kisha fundi hulaumiwa tena.

Kazi yenyewe ya kubadili si kubwa. Kama kompyuta ya zamani bado inajibu, soma habari zake uziandike. Zima swichi, ungoje dakika chache, ndipo uchomoe waya hasi wa betri. Gusa chuma cha lori kabla ya kushika kompyuta, maana umeme ulio mwilini mwako huweza kuichoma bila wewe kuuhisi. Usilazimishe plagi. Ukisha kufunga, ingiza nambari, futa makosa ya zamani, washa, kisha liendeshe lori likiwa na mzigo kabla ya kulirudisha kwa dereva.

Nanyi madereva, ilindeni. Mtu akitaka kuchomelea chesisi kwa umeme, betri ichomolewe kwanza, na kompyuta pia kama kitabu kinavyoagiza. Msichomoe betri injini ikiwaka. Msiwashe lori la volti 12 kwa betri za lori la volti 24. Msipige plagi zake kwa maji ya nguvu mnapoosha.

Sasa turudi kwenye mshahara. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali iliyoharibika ikiwa mfanyi kazi amekosa kwa kusudi. Neno ni "kwa kusudi". Kifaa kuungua mkononi mwa mtu anayefuata amri si kusudi. Tena makato yote kwa mara moja hayaruhusiwi kupita theluthi mbili za mshahara. Mwenye kukatwa asitie sahihi karatasi asiyoielewa. Amwite mwakilishi wake siku ile ile.

Kwa hiyo tunaomba tawi lipeleke mambo matatu kwa wakubwa. Moja, vipimo vyote viandikwe kwenye karatasi ya kazi, na anayeagiza kompyuta inunuliwe kabla ya vipimo atie sahihi yake mwenyewe. Mbili, mita nzuri na mashine ya kusoma makosa zitolewe na mwajiri, wala makanika asiazime mtaani kwa pesa yake. Tatu, mtu asikatwe hata senti kabla ya kusikizwa mbele ya mwakilishi.

Nasi tufanye sehemu yetu. Kila makanika aandike alichokipima, volti ngapi, saa ngapi, lori gani. Maneno ya mdomo hubishwa, lakini karatasi yenye tarehe husimama mbele ya mkubwa yeyote. Yeyote mwenye maswali aje chumba cha chama, tutamwonyesha jinsi ya kuijaza.