Wakfu na Chuo Kikuu Chetu

  



Barabara kuu ipitayo mbele ya maduka yetu hapa Tunduma, yenye malori yatokayo na yaendayo Zambia, ndiyo hiyo hiyo ipitayo Mbeya na Mikumi hata ikafika Morogoro. Huko, mwendo wa zaidi ya kilomita 700, kipo Chuo Kikuu cha Waislamu. Majengo yake yalikuwa ya shirika la umeme, TANESCO. Serikali ya Rais Benjamin Mkapa iliwakabidhi Waislamu majengo hayo mwaka 2004, na mwaka 2005 masomo yakaanza. Vijana husoma humo sheria, ualimu, lugha na uandishi wa habari, pamoja na elimu ya dini yao.

Lakini kupewa majengo si kupewa chuo. Chuo ni mwalimu anayelipwa mwisho wa mwezi, ni vitabu, ni dawa za maabara, ni paa linalozibwa kabla ya masika. Nasi tupendao kutoa twapenda mno kutoa jengo, kwa sababu jengo huandikwa jina ukutani. Nani amepata kuandikwa jina kwa kulipa ankara ya maji?

Tutazame hali ya kijana wa hapa kwetu, wa Mbozi, Ileje au Momba. Amefaulu, amepata nafasi chuoni. Bodi ya Mikopo huwakopesha wengi, lakini wapo wanaopewa sehemu tu, na wapo wanaokosa kabisa. Basi huja msikitini baada ya sala, tukapitisha kikapu. Twamchangia nauli na ada ya muhula wa kwanza, twamwombea dua, naye akaondoka. Muhula wa pili ukifika kikapu hakipitishwi tena, maana tumekwisha msahau. Mwaka haujaisha twamwona mpakani akipakua mizigo. Kupakua mizigo ni riziki ya halali, wala hatumdharau apakuaye. Linalotusikitisha ni kwamba fedha tulizotoa zimepotea pamoja na mwaka wa kijana yule, naye hakupata shahada wala sisi hatukupata mwalimu.

Dawa ya jambo hili tunayo tangu zama za Mtume (S.A.W.). Bwana Umar (R.A.) alipopata ardhi ya Khaibar, mali ambayo hakuwahi kupata iliyo bora kuliko hiyo, alimwendea Mtume kutaka shauri. Akaelekezwa aizuie ardhi yenyewe na ayatoe sadaka mazao yake. Ikawa haiuzwi, haitolewi zawadi wala hairithiwi. Hiyo ndiyo wakfu: shina hubaki, matunda hutolewa kila mwaka. Na kule Fas, nchini Moroko, wanahistoria husimulia habari za Bibi Fatima al-Fihri, binti wa mfanyabiashara mhamiaji, aliyetumia urithi wake kujenga msikiti wa al-Qarawiyyin mwaka 859. Msikiti ule ukawa chuo, na mali za wakfu zilizowekwa na waliomfuatia zikakilisha kwa karne nyingi. Tunawataja kina mama kwa makusudi, kwani katika mji huu wa biashara wako wenye mali kuwashinda wanaume.

Tunduma hatuna mashamba ya Khaibar, lakini tuna vyumba vya maduka. Mwenye vyumba vitano akiweka kimoja wakfu, kodi yake yaweza kumshika mwanafunzi mkono tangu mwaka wa kwanza hata wa mwisho. Mkulima wa Mbozi aweza kuweka wakfu kipande cha shamba la kahawa. Ila asiahidi kiasi maalumu cha fedha, kwa sababu bei ya kahawa hupanda na kushuka, bali aseme mazao ya kipande hiki, yawe mengi au machache. Na asiye tayari kuachana na mali yake leo anaweza kuusia, mradi wasia usizidi theluthi, na warithi wajulishwe angali hai.

Zaka nayo ina mahali pake. Mwanafunzi fukara anaingia katika mafukara wanaostahiki zaka, naye akabidhiwe. Kujenga madarasa kwa zaka ni jambo ambalo wanavyuoni wengi hawakulikubali. Majengo na yajengwe kwa sadaka na wakfu.

Wako wasemao tungoje wafadhili wa nje. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda, kilichoko Mbale, kiliazimiwa katika mkutano wa nchi za Kiislamu uliofanyika Lahore mwaka 1974, kikafunguliwa mwaka 1988. Miaka 14! Tunawashukuru waliokisaidia, lakini mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa Lahore alikwisha pita umri wa shule ya msingi.

Sasa tuseme wazi lile linalowazuia wengi, nalo ni hofu ya kwamba mali italiwa. Hofu hiyo ina haki, wala haiondolewi kwa kuwakemea wenye nayo. Wakfu iandikwe, yenye mashahidi, ikitaja mpaka wa mali na matumizi yake. Wadhamini wasajiliwe RITA kwa mujibu wa sheria, wasiwe ndugu wa ukoo mmoja. Kama ni ardhi ya kijiji, hati ya hakimiliki ya kimila ipatikane kwanza, maana wakfu nyingi hufia mikononi mwa wajukuu kwa kukosa karatasi. Ada ilipwe moja kwa moja katika akaunti ya chuo, si mkononi mwa mtu, na stakabadhi irudi msikitini. Kila mwaka, hesabu isomwe mbele ya jamaa baada ya sala ya Ijumaa: kodi iliyopatikana, ada iliyolipwa, na kijana yuko mwaka wa ngapi.