Gatsby: karamuni wengi, mazikoni wachache

Marekani hupenda kujisimulia kama nchi ambamo mtoto wa mkulima hulala maskini akaamka tajiri. Mwaka 1925, mwandishi F. Scott Fitzgerald aliitwaa ahadi hiyo akamvika Jay Gatsby, mhusika mkuu wa riwaya yake: kijana wa North Dakota aliyebadili jina, akatajirika kwa pombe ya magendo, akanunua kasri. Watu walikunywa mvinyo wake usiku kucha, lakini alipokufa, mazikoni karibu wote hawakuonekana. Hollywood, kama kawaida yake, ilizipenda zaidi karamu. Filamu ya 2013, yenye Leonardo DiCaprio, inang'aa hadi macho yanauma. Fitzgerald mwenyewe hakuuona mng'ao huo: alifariki mwaka 1940, kitabu kikiwa karibu hakina wanunuzi. Kilifufuliwa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia: nakala zipatazo 155,000 ziligawiwa bure kwa askari wa Marekani.